Kwenda Mwezini: zamani miaka minane ilitosha, mbona sasa haitoshi?

Kidutani_Wete

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Rais Kennedy alitoa ahadi yake ya kupeleka mtu Mwezini Mei 25, 1961. Julai 20, 1969 Armstrong na Aldrin walishakanyaga vumbi la Mwezi. Miaka minane na miezi miwili. Sasa tizama huku: Bush mdogo alitangaza kurudi Mwezini Januari 2004. Mpango ule ukafutwa. SLS, roketi mpya ya kwenda Mwezini, ikaamriwa kwa sheria ya 2010, ikatakiwa iwe tayari mwishoni mwa 2016, ikaruka Novemba 16, 2022, tena bila ya mtu ndani.

Suala hili linaulizwa sana maskulini, na jibu linalotolewa ni moja tu: pesa. Sikatai. Lakini pesa haivujishi haidrojeni, mafuta ya roketi hiyo. Nataka anayejua anambie ni kipande gani khasa kinachokula miaka.

---

fundi_mtoni

Wa alaykum salaam ndugu Kidutani.

Pesa tuimalize haraka. Mwaka 1966 NASA, shirika la anga la Marekani, ilikuwa inapata kiasi cha asilimia 4.4 ya bajeti yote ya serikali ya Marekani. Siku hizi haifiki hata nusu ya asilimia moja. Wakati ule walikuwa wanaweka vituo vya kusikilizia vyombo vyao dunia nzima. Kimoja kilikuwa hapa hapa kwetu Zanzibar, Tunguu, kikafuatilia safari ya mwanaanga John Glenn Februari 1962, kikaondolewa 1964 baada ya Mapinduzi. Watu kama laki nne walikuwa kazini kwenye Apollo, mpango ule wa kwenda Mwezini.

Lakini tazama pesa ile ilinunua nini: ilinunua mfululizo. Apollo 8 iliruka Desemba 1968, Apollo 9 Machi 1969, Apollo 10 Mei, Apollo 11 Julai. Safari nne ndani ya miezi saba. Hitilafu ikionekana kwenye moja, roketi inayofuata imeshasimama inasubiri kurekebishwa, na mafundi ni wale wale, mikono bado ya moto. SLS inapita miaka kati ya safari na safari. Kila mara ni kama unaanza upya.

Umetaja haidrojeni, basi tuiangalie. Tangi kubwa la SLS linachukua lita milioni mbili za haidrojeni ya kimiminika kwenye baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri. Molekuli yake ndiyo ndogo kuliko zote, inapenya pahala ambapo gesi nyengine haipiti. Halafu baridi ile inasinyaza kila chuma kwa kiasi chake, kwa hivyo kiungio kilichokaza vizuri kwenye joto la kawaida kinaweza kulegea kikishapoa.

Septemba 3, 2022 walikuwa wanajaza. Kiungio cha bomba la inchi nane, pale chini roketi inapoungana na mnara, kikaanza kuvuja. Mpaka wanaouchunga ni asilimia 4 ya haidrojeni kwenye hewa ya pale, kwa sababu kuanzia hapo inaweza kushika moto. Wakasita, wakakiacha kiungio kipate joto, wakakipoza tena ili mpira ukae sawa. Zaidi ya mara moja. Ikashindikana, safari ikaahirishwa. Walipofungua wakakuta kwenye mpira wa kuzuia kuvuja kuna kibonyeo kisichofika robo ya milimita. Wakabadilisha mpira, na wakabadilisha namna ya kujaza: taratibu zaidi na kwa shinikizo dogo zaidi. Kisha kikaja kimbunga Ian, roketi ikarudishwa ndani. Usiku ule wa Novemba ilipoondoka, vali nyengine ya haidrojeni ilivuja, wakapelekwa watu watatu mpaka chini ya roketi iliyojaa mafuta wakaze nati. Kwa spana.

Sasa jiulize: kama wangelikuwa wanarusha kila miezi miwili, ujuzi huu wa kujaza taratibu wangeliupata lini?

---

Bi_Hesabu

Fundi kasema kweli, ila mimi naona haidrojeni ni mas-ala ya wiki na miezi. Kinachokula miaka ni hesabu ya safari yenyewe. Hii ya sasa si safari ya Apollo.

Saturn V, roketi ya Apollo, ilikuwa inarusha kwa mpigo mmoja chombo mama na chombo cha kutua pamoja, zaidi ya tani 45 kuelekea Mwezini. SLS ya kwanza inapeleka tani 27, na Orion, chombo cha kuchukulia wanaanga, peke yake ni tani 26 na kitu. Hakuna nafasi ya chombo cha kutua. Hicho lazima kije kwa roketi nyengine.

La pili ndilo kubwa zaidi. Kuingia obiti (njia ya kuzunguka) iliyo karibu na Mwezi na kutoka kurudi nyumbani, injini ikubadilishie mwendo kama kilomita 1.8 kwa sekunde. Apollo ilikuwa na akiba ya kama 2.8. Orion, kwa tani zake 8.6 za mafuta, inapata kama 1.2 tu. Haiwezi kushuka karibu ikarudi. Ndio maana ikachaguliwa obiti ndefu, inayopita kama kilomita elfu moja na nusu juu ya ncha ya kaskazini na elfu sabini upande wa kusini, mzunguko mmoja siku sita na nusu.

Mtu wa pwani hili halimshindi. Meli kubwa inatia nanga nje, mashua ndiyo inayofika ufukweni. Kwa Apollo nanga ilitiwa mita mia mbili kutoka nchi kavu. Kwa Orion imetiwa katikati ya mkondo wa Pemba, na mashua ipige makasia mwendo wote huo, kwenda na kurudi.

Tupige hesabu ya mashua hiyo, kilomita kwa sekunde:
- kutoka obiti ya Dunia kuelekea Mwezini: kama 3.2
- kuingia obiti ile ndefu: kama 0.45
- kushuka mpaka ardhini: kama 2.7
- kupanda kurudi: kama 2.7

Jumla inakaribia 9. Injini ya methani na oksijeni inatoa moshi wake kwa kama kilomita 3.7 kwa sekunde. Gawa 9.05 kwa 3.7, unapata kama 2.45, na kwa kanuni ya roketi, e (namba ya hesabu, kama 2.718) ukiipandisha daraja hiyo inakuja kama 11.5. Maana yake kila tani moja inayorudi salama kwa Orion ilianza ikiwa tani 11 na nusu kwenye obiti ya Dunia. Chukua mfano wa chombo kitupu cha tani 100: unahitaji mafuta zaidi ya tani 1,000 huko juu, na hakuna roketi inayoyapeleka kwa mara moja.

Kwa hivyo Starship, chombo cha kutua cha kampuni ya SpaceX, iliyopewa mkataba wa dola bilioni 2.89 Aprili 2021, lazima ijazwe mafuta angani na vyombo vya tangi, safari zaidi ya kumi kwa kutua mara moja. Kwa kiwango hicho kazi hii haijawahi kufanywa. Mafuta yasiyo na uzito hayakai chini ya tangi, yanaelea mapande mapande, na bomba linaweza kunyonya gesi badala ya maji. Inabidi chombo kisukumwe kidogo kidogo muda wote ili mafuta yatulie upande mmoja. Wakati huo jua linapiga, methani inachemka kwenye nyuzi 161 chini ya sifuri, oksijeni kwenye 183. Tangi la kwanza likishapelekwa, kila siku ya kusubiri la pili ni mafuta yanayotoweka. Machi 2024 walijaribu kuhamisha oksijeni baina ya matangi mawili ndani ya chombo kimoja. Kati ya chombo na chombo ni kazi nyengine kabisa.

---

kijana_chake

Nyote mnajisumbua. Hawakwenda hata hiyo 1969, ndio maana hawawezi kurudi.

---

fundi_mtoni

Kijana, Apollo 11, 14 na 15 waliacha vioo juu ya Mwezi, na mpaka leo wanasayansi wanavipiga kwa leza na mwanga unarudi. Chombo LRO kinachozunguka Mwezi kimepiga picha pahala pote sita walipotua, na njia za miguu zinaonekana. Tuendelee.

---

mhunzi_Kengeja

Bi Hesabu, nakuunga mkono, lakini kuna kitu kimoja hamjakigusa: ngao ya joto. Hapa miaka miwili mizima ilikwenda, na inaonesha vizuri wakati unavyoliwa.

Orion inarudi kwa kama kilomita 11 kwa sekunde. Chini yake ina ngao ya mita tano iliyofunikwa na kitu kinachoitwa Avcoat, ambacho kazi yake ni kuungua pole pole na kugeuka makaa, na makaa yakiondoka yanaondoka na joto. Apollo walitumia Avcoat hiyo hiyo lakini waliijaza kwa mkono ndani ya vijitundu zaidi ya laki tatu vilivyofanana na sega la nyuki. Ni kazi ya miezi. Kwa Orion wakabadilisha, wakatengeneza vipande zaidi ya 180 na kuvigandisha.

Artemis I, ile safari ya kwanza ya SLS isiyo na mtu, ikarudi Desemba 11, 2022. Joto la ndani lilikuwa sawa, angelikuwamo mtu asingedhurika. Lakini ngao ilikuwa imebanduka vipande pahala zaidi ya mia. Haikutarajiwa.

Sababu ilipatikana baada ya majaribio 121. Orion haiingii hewani moja kwa moja. Inazama, inaruka juu kidogo kama jiwe la kurusha juu ya maji, kisha inazama tena. Kwenye ule mruko wa kati joto la nje linapungua, makaa hayaundiki haraka, lakini ndani Avcoat bado ina moto na inatoa gesi. Pahala ambapo makaa yalikuwa na vinyweleo, gesi ilitoka na hapakuharibika kitu. Pahala palipoziba, gesi ikakusanyika, ikapasua.

Sasa sikilizeni penye utamu. Kabla ya safari ngao ilijaribiwa chini kwa moto mkali zaidi kuliko ule wa mruko. Moto mkali ulitengeneza makaa yenye vinyweleo, gesi ikapita, ngao ikafaulu. Jaribio gumu lilificha kosa ambalo jaribio jepesi lingeliliona.

Desemba 2024 NASA ikatangaza uamuzi: ngao ya Artemis II, safari inayofuata, isibanduliwe, maana imeshafungwa, ila njia ya kuingia hewani ibadilishwe, mruko ufupishwe. Ndugu Kidutani, hiyo ndiyo miaka yako.

---

Kidutani_Wete

Nimefaidika mno, Allah awalipe. Suala la pili: kama Saturn V iliweza yote kwa mpigo mmoja, si waitengeneze tena ile ile? Wengine wanasema michoro ilipotea.

---

fundi_mtoni

Michoro haikupotea, ipo kwenye filamu ndogo kituo cha Marshall, Huntsville. Kilichopotea ni mikono.

Injini ya F-1, tano kati yake zikisukuma Saturn V, kila moja msukumo wa kama tani 680, ilikuwa inachomelewa kwa mkono. Miaka ya mwanzo moto ndani ya chumba ulikuwa unayumba na kuipasua injini. Walikuwa wanaripua bomu dogo ndani ya chumba injini ikiwaka, waone kama moto utatulia wenyewe, wakibadilisha sahani ya kumwagia mafuta mpaka ikakubali. Karibu na 2013 wahandisi vijana waliifungua F-1 ya zamani na kuwasha kijiinjini chake cha kuendeshea pampu. Wakakuta kila injini ina marekebisho yake: huku tundu limepanuliwa kidogo, kule weldi imepitishwa kwengine. Fundi alijua kwa nini. Karatasi haikuandika.

Waulize mafundi wa majahazi wa Nungwi. Mtepe unajulikana ulivyokuwa: mbao, makumbi, kamba za kushonea. Lakini kukaza kamba kiasi gani ili maji yasipite wala ubao usipasuke, hilo halimo kitabuni.

Na viwanda vilivyotengeneza maelfu ya vipande vile havipo tena. Ndio maana SLS ikachukua injini 16 zilizobaki za shuttle, vyombo vya zamani vya NASA, nne kwa kila safari. Ilionekana njia ya mkato.

---

mhunzi_Kengeja

Njia ya mkato iliyochukua miaka kumi na mbili, hehe.

---

Bi_Hesabu

Niongeze moja kuhusu pahala penyewe, maana watu wanadhani kutua ni kutua tu. Apollo walitua karibu na ikweta ya Mwezi, wakichagua asubuhi ya huko ili vivuli viwaoneshe mashimo. Sasa wanataka ncha ya kusini kwa sababu ya barafu. Kule jua linakaa kama nyuzi 1.5 tu juu ya upeo. Jiwe la mita moja linatupa kivuli cha karibu mita 38. Rubani au kamera inaona weusi, haijui kama ni kivuli au shimo.

Na vyombo visivyo na watu vimeshatuonesha kosa dogo linavyogharimu. Aprili 2023 Hakuto-R ya Wajapani ilipita juu ya ukingo wa shimo kubwa. Kipima urefu kikasoma ardhi imeshuka ghafla, programu ikadhani kipima kimeharibika ikakipuuza, chombo kikabaki kinaelea kama kilomita tano juu kikijidhania kimefika, mpaka mafuta yakaisha. Februari 2024 Odysseus ya Marekani ilishuka bila ya leza yake ya kupima urefu, kwa sababu swichi ya usalama haikufunguliwa kabla ya kuruka. Ikatua, ikavunja mguu, ikalala upande.

Hicho kilikuwa chombo cha mita nne. Starship ya kutua inakaribia mita 50, na wanaanga watateremka kwa lifti.

---

Kidutani_Wete

Lifti ikikwama?

---

Bi_Hesabu

Ndio maana mkataba unadai itue kwanza bila ya mtu.