Tupeane uzoefu: kuandika kwa vipindi vifupi pale kazi inapogoma kuanza

#1
Uzi huu ni wa wenye tasnifu, ripoti au riwaya iliyolala kwenye kompyuta miezi. Nasaha za "jitume" tumeshazisikia. Tuseme dakika ngapi, zinafanywa nini, na mtu huharibu wapi.

Kipimo kinachojulikana zaidi ni dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika. Baada ya vipindi vinne, pumziko refu kidogo. Ni mbinu ya Francesco Cirillo, ya mwishoni mwa miaka ya 1980, na ina jina la nyanya kwa Kiitaliano kwa sababu ya saa ya jikoni yenye umbo hilo aliyoitumia. Ila kwa aliyekwama kabisa, 25 ni nyingi. Aanze na 10 kwa siku tano mfululizo, ndipo aongeze.

#2
Dakika ni sehemu ndogo. Kinachoua kipindi ni kazi isiyo na mpaka. "Andika sura ya pili" si kazi ya dakika 25. Mtu akiisoma tu anakumbuka kwamba vyombo havijaoshwa. Ikatekate mpaka iwe na idadi: "Eleza kwa sentensi sita kwa nini wahojiwa walikuwa 40 na si 100." Iandike usiku kwenye kipande cha karatasi, ukiweke juu ya kibodi. Asubuhi kusiwe na kuchagua, maana kuchagua ndiko kunakokula dakika za mwanzo.

Kipindi kikianza, hakuna kurudi nyuma. Takwimu huikumbuki? Weka XX uendelee: "Mradi ulianza mwaka XX ukiwa na washiriki XX." Maneno ya Kiswahili hayana X, kwa hiyo ukitafuta XX baadaye unapata mapengo yako yote, na mapengo tu. Ukifungua intaneti "mara moja" kuhakiki mwaka, kengele itakukuta unasoma mambo ya watu.

#3
Hiyo kengele isiwe ya simu. Ukiishika kuzima mlio, unakutana na jumbe saba. Saa ya mezani inatosha, simu ikae chumba kingine.

#4
Nampinga #1 kidogo. Dakika 25 zinafaa rasimu ya kwanza na kupanga marejeleo. Kusuka upya hoja ya sura nzima ni jambo jingine: unapomaliza kusoma ulichonacho ili uikamate hoja, muda umeisha. Hapo chukua 50 kwa 10.

Na kusahihisha kuwe na kipindi chake. Anayeandika huku anafuta hubaki na aya moja inayong'aa na kurasa tupu nyuma yake.

#5
Kosa baya kuliko yote hufanana na mafanikio. Siku imekubali, kengele inalia, mtu anaendelea kwa muda wa saa nne. Kesho yake anakikwepa kiti, kwa sababu kiti sasa maana yake ni kuchoka. Weka kikomo, tuseme vipindi vitatu, ukiheshimu hata kama mkono una moto.

Tena acha katikati ya sentensi ambayo mwisho wake unaujua: "Sababu ya pili ya bei kupanda ni". Chini yake andika tu: usafirishaji, kisha uhifadhi. Kesho unamalizia sentensi, huanzi ukurasa.

#6
Hesabu kwa wenye tarehe ya kukabidhi: maneno 200 ya rasimu kwa kipindi, vipindi viwili kwa siku, siku tano kwa wiki, ni maneno 2,000. Sura ya maneno 8,000 inakula wiki nne, bila kusahihisha. Ukikosa siku, usilipe deni kwa vipindi sita siku inayofuata. Deni hilo ndilo huwafanya watu waache kabisa. Endelea na viwili vyako, tarehe isogee.

#7
Na dakika zote 25 zikipita bila neno?

#2
Zisipite. Zikifika tano kavu, andika "Nimekwama kwa sababu" uendelee kuijaza hiyo sentensi, hata kwa lugha mbovu. Mara nyingi linatoka jambo linaloshikika: "sina data ya kundi la pili." Basi huo si uvivu. Dakika zilizobaki andika barua ya kuiomba hiyo data, na kipindi kihesabiwe.