Ufito wangu wa kupandia ulingo umechukuliwa: niandike kwa nani?

Ndugu wanajumuiya, salaam.

Jumamosi iliyopita nilipanda ulingo wangu (jukwaa la kuwindia linalofungwa mtini) ndani ya WMA, yaani eneo la wanyamapori linalosimamiwa na jimbo hapa Marekani, kwa fito nne (vipande vya ngazi vya kufunga mtini) nilizotengeneza mwenyewe kwa bomba la mraba la 6061-T6, aina ya alumini iliyotiwa ugumu, kila ufito ukiwa na urefu wa sentimita 50 na uzito wa gramu 700 hivi pamoja na kamba yake. Jioni mvua ilinikamata, nikateremka huku nikifungua fito moja baada ya nyingine, na ule wa chini kabisa nikauacha umefungwa mtini kwa kuwa nilikuwa narudi alfajiri. Niliporudi nilikuta gome tupu lenye alama ya kamba. Askari wa wanyamapori alinieleza kwamba ufito umechukuliwa kwa sababu umelala mtini bila kibandiko cha mwenyewe, kisha akaongeza kwamba hauna hata maandishi ya kiwanda yanayoonyesha unahimili uzito gani. Leseni, kadi ya HE (mafunzo ya uwindaji) na tagi zangu za kufunga kwenye mnyama zote zilikuwa sawa. Nimepiga simu ofisi husika mara 3, na kila anayepokea ananielekeza kwa mwenzake. Naomba kujua: mtu aliyejitengenezea fito anatakiwa kuandika nini juu yake, na ombi la kurudishiwa hupelekwa kwa nani?

——

Pole sana, kaka. Yangu yalinikuta kwenye NWR, yaani hifadhi ya wanyamapori ya serikali kuu ya Marekani, na kosa lilikuwa skrubu. Nilikuta vipandio (vya kukanyagia) vilivyokazwa kwa skrubu mtini na mtu wa msimu uliopita, nikavitumia, nikaandikiwa faini, kwa maana kanuni ya serikali kuu, 50 CFR 32.2, inakataza katika hifadhi hizo kushikiza ulingo kwa msumari, waya, skrubu au bolti, na inakataza vilevile kuwinda kutoka kwenye mti uliokwisha kukomelewa vitu hivyo. Tangu hapo natumia fito za kufunga kwa kamba tu. Zangu nimezichomelea vipandio pande zote mbili, kisha nikazitoboa matundu kila upande ili kupunguza uzito. Zina gramu 600. Nashauri ufanye hivyo hivyo utakapotengeneza upya.

——

Mzee wangu, kwa heshima zote, ushauri huo utamvunja mtu mguu. Alumini ya 6061 hupata ugumu wake kwa kupashwa joto kiwandani, na unapoichomelea, sehemu iliyo kando ya mshono hupoteza karibu nusu ya nguvu hiyo. Mshono unaweza kung'aa na kupendeza macho, lakini bomba linapinda pembeni yake. Mimi ufito wangu wa kwanza niliuchomelea, nikaufunga kwenye mti wa uani usawa wa goti, nikasimama juu yake na begi mgongoni. Nilisikia mlio kama wa tawi kavu, kipandio cha kushoto kikalala chini. Nilipokiokota niliona ufa mwembamba umepita milimita chache kutoka kwenye mshono, wala haukugusa mshono wenyewe. Kama ningekuwa mita 5 juu, nisingekuwa naandika ujumbe huu.

Siku hizi nafunga vipandio kwa bolti ya chuma cha pua inayopenya bomba lote, na kati ya chuma na alumini naweka washa ya plastiki, kwa sababu metali hizo mbili zikilowana pamoja alumini huliwa. Na kuhusu matundu: toboa kwenye mbavu za pembeni, katikati kabisa, ambako bomba halivutwi sana wala kubanwa sana mzigo unapolipinda. Ukitoboa uso wa mbele au wa nyuma, umetoboa mahali panapobeba kazi yote.

——

Kaka zangu, mnabishana juu ya bomba na hakuna aliyeuliza kamba. Mimi niliachana na mikanda ya bizimu, kwa kuwa bizimu ni nzito na hugonga alumini, na kulungu husikia mlio huo kabla hujamaliza kupanda. Natumia kamba ya Dyneema, nyuzi za plastiki zenye nguvu sana, lakini haifungwi fundo. Ni kamba laini inayoteleza, na fundo huipunguzia nguvu vibaya sana; mkia wake unafumwa ndani ya kamba yenyewe, kwa urefu wa kutosha, kisha unashonwa. Wala msiitumie kwa fundo la prusiki (fundo linalobana kamba nyingine ili lisiteremke) la kamba ya usalama, kwa sababu inateleza na inayeyuka karibu na nyuzijoto 150, kiwango ambacho msuguano wa mtu anayeanguka unaweza kukifikia.

Wengi wetu tuliotoka Kenya, ambako uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, tumejifunza kupanda ulingo tukiwa watu wazima. Basi kamba ya kuzunguka mti ivaliwe kabla mguu haujaacha ardhi, na isifunguliwe wakati wa kuhama kutoka ufito wa mwisho kwenda kwenye ulingo mpaka kamba ya usalama ya juu imekwisha kukushika.

——

Dada, kamba ya usalama ninavaa, na fito zangu nimezitumia misimu miwili bila tatizo. Nina kilo 70.

——

Misimu miwili si kipimo, mzee wangu. Fito nyingi za kiwandani huandikwa paundi 300, yaani kilo 136, na tena hujaribiwa kwa mzigo unaozidi hapo. Funga zako usawa wa goti, weka mzigo mara mbili ya uzito wako, ziache usiku kucha, kisha zikague kando ya kila mshono kwa tochi.

——

Nawashukuru wote. Zangu pia nilizichomelea, na baada ya kusoma haya nimezikagua zile tatu zilizobaki. Moja ina mstari mwembamba kando ya kipandio cha juu, ambao nilidhani ni mkwaruzo. Nimeiweka kando. Ofisi bado haijanijibu, na kuhusu kibandiko na maandishi ya uzito bado naomba anayejua aniambie.

——

Kaka, bomba lako lina unene wa milimita ngapi?