Saa 1,500 za chuo ili niruhusiwe kusuka twende kilioni: bodi za leseni za Marekani zinamlinda nani?

Wanajamvi, nawasalimu. Jambo hili nimekaa nalo wiki tatu nikisubiri hasira ishuke, na haijashuka.

Naishi katika jimbo moja la katikati ya Marekani, ambalo sitalitaja kwa sababu shauri langu halijaisha. Kusuka nilijifunza Tanga nikiwa na umri wa miaka tisa, barazani kwa shangazi yangu, nikianza na mabutu ya watoto wa jirani hadi nikafika kwenye rasta za maharusi. Situmii dawa, sikati nywele wala sipaki rangi. Vifaa vyangu ni kitana, mafuta na vidole. Mwezi uliopita mkaguzi wa bodi ya urembo alifika ninapofanyia kazi, akadai leseni, na aliponikosa nayo akaniandikia faini ya dola 500 pamoja na amri ya kuacha kusuka mpaka nipate leseni kamili ya urembo, ambayo hapa inataka saa 1,500 za masomo.

Nilikwenda chuoni kuulizia. Ada inazidi dola 14,000. Nikaomba orodha ya masomo, nikaisoma palepale mapokezini: kukata, rangi, dawa za kulainisha nywele, kucha, ngozi ya uso. Kusuka hakumo. Dada wa mapokezi alinieleza kwa upole kabisa kwamba walimu wao hawakujui. Maana yake ni kwamba nilipe fedha nisizonazo, nifundishwe nisichokifanya, na watu wasiojua ninachokifanya, ndipo nirudi kufanya kile ninachokijua tangu utotoni. Mhudumu wa gari la wagonjwa, anayeshika roho ya mtu mkononi, mafunzo yake ya msingi nchini humu kwa kawaida hayafiki hata saa 200.

Hoja ya bodi ni usalama wa mteja, na mimi siikatai kwa jumla, kwa sababu dawa za nywele huunguza na chombo kichafu huambukiza. Lakini Mississippi walishalimaliza jambo hili mwaka 2005, baada ya Melony Armstrong, msusi wa Tupelo, kupambana na masharti ya jimbo lake: tangu hapo msusi hujiandikisha kwa dola 25 na kufuata kanuni za usafi, basi. Ilipofika mwaka 2012 jimbo hilo lilikuwa na wasusi zaidi ya 1,200 walioandikishwa, wakati jirani yake Louisiana, iliyokuwa ikidai saa 500, ilikuwa na wasusi 32 tu wenye leseni. Wateja wa Mississippi wangali na vichwa vyao.

Kinachoniudhi kuliko faini yenyewe ni muundo wa bodi. Nimetafuta majina ya wajumbe wa bodi yetu: wengi wao ni wenye saluni au wenye vyuo. Yaani mwenye duka ndiye anayeamua kama jirani yake aruhusiwe kufungua duka, na mwenye chuo ndiye anayepanga saa ngapi mtu alipie chuo! Mahakama ya Juu ya Marekani iliuona ubaya huo mwaka 2015, katika shauri la bodi ya madaktari wa meno ya North Carolina iliyowafukuza watu wasio madaktari katika biashara ya kung'arisha meno. Kwa kura 6 dhidi ya 3 majaji walisema kwamba bodi inayotawaliwa na wenye biashara ileile haiwezi kujikinga dhidi ya sheria za shirikisho za ushindani ikiwa jimbo halisimamii kazi yake kwa dhati. Mwaka huohuo Ikulu ya Obama ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba zaidi ya robo ya wafanyakazi wa nchi hii wanahitaji leseni, wakati mwanzoni mwa miaka ya 1950 hawakufika asilimia tano.

Hata hivyo, mahakama si kimbilio la uhakika. Jestina Clayton, msusi mzaliwa wa Sierra Leone, alishinda kesi yake dhidi ya sharti la leseni katika jimbo la Utah mwaka 2012. Wasusi wa Missouri walishindwa katika mahakama ya rufaa mwanzoni mwa 2018, wakaokolewa na bunge la jimbo lao mwaka huohuo. Isis Brantley wa Dallas alikamatwa mwaka 1997 kwa sababu ya kusuka, na Texas haikuondoa leseni hiyo mpaka 2015. Miaka 18! Mimi kodi ya nyumba nadaiwa kila tarehe mosi.

Wanaopigania leseni hizi ziondolewe huzungumza kwa jina la soko huria, na nakiri kwamba neno hilo halinipendezi masikioni. Sisi tuliokulia Tanzania ya miaka ya 1980 na 1990 tunakumbuka lilivyokuja pamoja na kuchangia ada shuleni na kulipia kadi hospitalini. Lakini katika hili wanasheria wa soko huria ndio waliosimama na wasusi Waafrika, na waliokuwa wakijiita watetezi wa wanyonge wengi wao walikuwa kimya.

La mwisho linawahusu wenzetu. Wapo dada zetu katika mji huu waliokwisha kupata leseni ambao wamepeleka barua bungeni kupinga mswada wa kutuondolea sharti hili, mmoja wao akiniambia usoni, "Mimi nilihangaika miaka miwili, kwa nini wewe upite bure?" Huyo binti yake nimemsuka mimi, kabla hajaanza shule.

Kamati ya bunge la jimbo itasikiliza maoni ya wananchi wiki ijayo, na kila msemaji atapewa dakika tatu. Msusi yeyote humu aliyewahi kusimama mbele ya kamati ya namna hiyo, iwe Iowa, Minnesota au kwingineko, naomba aandike hapa chini alisema nini na walimuuliza nini.