Bendi yangu imerudi bila mpiga besi, na kanda zote ninazo mimi. Nifanyeje?

Mstari wa Mbele:

Wadau, hamjambo. Naomba ushauri, na tafadhali msinicheke kabla hamjafika mwisho. Mkifika, ruksa.

Kuna bendi ya hapa hapa Nairobi niliyoifuata tangu 2013. Jina siweki, na mkikisia sitakubali wala kukataa. Si bendi kubwa. Redioni labda mliisikia mara mbili, tena usiku wa manane. Lakini kama miaka ile uliwahi kusimama mbele kabisa pale bustanini Alliance Française, Loita Street, huenda ulinikanyaga.

Mazoezi walikuwa wanafanyia kwenye chumba cha mabati Umoja, nyuma ya mahali pa kuosha magari. Kuta walikuwa wamezibandika trei za mayai ili kelele zisitoke, na kwa kuwa trei zenyewe waliletewa na muuza mayai wa jirani bila hata kupanguswa, siku ya jua kali chumba kizima kilinuka kuku. Mimi nilikuwa mbebaji. Sikulipwa na sikudai. Spika ya besi niliibeba mgongoni mpaka stejini, na makanga alikuwa anaitoza nauli kama abiria.

Na nilikuwa narekodi. Mwanzo kwa simu, baadaye kwa kinasa sauti cha mtumba nilichonunua Luthuli. Nina faili 63.

Mojawapo ni ya usiku ambao stima ilipotea katikati ya wimbo. Gitaa likafa, maiki ikafa. Mpiga dramu hakuacha. Mpiga besi, ambaye ndiye mwenye kisa hiki, akalaza gitaa lake chini, akaja ukingoni mwa jukwaa, akaanza kuipiga besi kwa mdomo: dum, du-du dum. Tukamdaka. Watu kama themanini gizani, wote tumekuwa besi. Dakika nne na sekunde kumi na moja. Najua kwa sababu ninayo.

Walivunjika 2018. Hakuna aliyetangaza. Siku ya mwisho nilimwona mpiga besi akikunja kebo zake moja moja, taratibu, kama mtu anayekunja nguo za safari, akaondoka bila kuaga. Baadaye ndiyo nikajua. Wimbo wao ule mmoja ambao watu wanaufahamu yeye ndiye aliyeutunga, na nilikuwepo chumba cha mabati siku alipouleta. Ulisajiliwa kwa majina mawili, lake halimo. Mapema 2020 kukawa na fununu kwamba wanapatanishwa, kisha Machi korona ikaingia, kafyu ikaja, habari ikafia hapo.

Sasa wamerudi. Watatu wale wale, na mpiga besi mpya. Tiketi ni 2,500. Nilinunua mbili kabla sijafikiri. Mbili! Hata sijui ya pili nilimnunulia nani. Juzi mwimbaji akanipigia, mara ya kwanza baada ya miaka: eti wamekumbuka nina kanda, wanataka kutoa albamu ya shoo za zamani, na jina langu litaandikwa kwenye shukrani.

Shida ni kwamba yule mpiga besi ni rafiki yangu. Siku hizi anatengeneza simu mjini, na Jumapili anapiga kanisani. Harusi yangu alikuja. Hajanitajia habari za kurudi kwa bendi, nami sijamtajia.

Niende shoo? Nitoe kanda? Mke wangu anasema haya ni matatizo ya mtu mwenye muda mwingi. Mimi nauza spea Kirinyaga Road, muda sina hata kidogo.

---

Mama Wawili:

Tiketi ya pili nipe mimi. Ushauri wangu umeishia hapo.

---

Kijana wa Kahawa West:

Ni ile iliyokuwa na tarumbeta?

Mstari wa Mbele:

Sitaji.

Kijana wa Kahawa West:

Basi ni ile.

---

Mzee wa Santuri:

Kijana, keti nikwambie. Bendi kugawanyika si msiba mgeni mjini hapa. Simba Wanyika ilikuwa ya ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga. Mwaka 1978 mpiga ridhimu wao, Omar Shabani, akatoka na wenzake wakaunda Les Wanyika. Watu wakasema basi, Simba amekufa. Simba hakufa. Mji ukawa na Wanyika wawili, na baadaye wakaja Wanyika wengine hadi tukawa tunauliza, leo wanapiga Wanyika gani?

Marehemu baba alikuwa na santuri za pande zote. Alizipanga rafu moja, na hakuna siku nilisikia zimepigana usiku. Nenda kwenye shoo. Shabiki si hakimu wa mirathi.

Mstari wa Mbele:

Mzee, shikamoo, nimekuelewa. Lakini wale wa 1978 walitoka na mikono yao wakaenda kutengeneza jina. Huyu wangu alitoka, na wimbo wake ukabaki ndani. Kila ukipigwa yeye anausikia akiwa ameinamia simu ya mtu.

Mzee wa Santuri:

Marahaba. Hapo umenishika. Wacha nifikirie.

---

Fundi wa Sauti:

Mimi nakaa nyuma ya mitambo, kwa hiyo nitaongea ya mitambo.

Kabla hujampa mtu yeyote chochote, nakili hizo faili mahali pawili tofauti. Si flashi mbili kwenye droo moja. Mwizi na moto havichagui flashi. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama dokyumenti, la sivyo unaweza kumfikishia mchuzi bila nyama. Na usijaribu "kusafisha" sauti. Nimeletewa kanda nyingi zilizosafishwa na mwenyewe kwenye simu mpaka mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya mtungi.

Upande wa sheria, mimi si wakili, lakini biashara hii imenilazimisha kusoma. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki ya mtunzi inazaliwa pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa. Kusajili KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni hiari. Kunasaidia kuthibitisha, lakini karatasi haimgeuzi asiyetunga kuwa mtunzi. Haki hiyo inaishi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Tena mpigaji naye ana haki katika alichokipiga jukwaani, hata wimbo ukiwa wa mtu mwingine. Kwa hiyo albamu yenye besi ya jamaa yako, bila ruhusa yake, ni mgogoro unaosubiri tarehe tu.

Wewe mwenye kinasa huna wimbo hata mmoja hapo, bosi. Una faili. Lakini faili ni ushahidi. Ile siku alipouleta wimbo chumba cha mabati, ulikuwa unarekodi?

Mstari wa Mbele:

Agosti 2015. Ipo. Anasikika akisema, "Hii bado haina beti ya pili." Halafu mwimbaji anauliza, "Umeitoa wapi hii?" Yeye anajibu, "Kwenye matatu."

Fundi wa Sauti:

Eh. Basi hiyo asiisikie mtu kabla ya mwenyewe.

---

Mkia wa Mbuzi:

Nitasema ambalo wengine wanaogopa. Bendi hairudi kwa mapenzi, inarudi kwa kodi ya nyumba. Mtu amejaribu kivyake, haikuenda, kumbe wenzake nao haikuenda, wanakutana kwenye harusi ya mtu, wanakumbatiana, kesho yake bango. 2,500? Miaka ile mliwaona kwa bei ya chipsi na soda.

Mimi sioni ubaya wa kuvunjika. Just a Band, vijana wa Kenyatta University waliotupa Makmende, yule shujaa wa video yao, 2010, baadaye kila mmoja akashika njia yake na hakuna aliyeoza. Sauti Sol mwaka 2023 walitwambia mapema, mwezi wa tano, kwamba kundi linapumzika, na Novemba wakatufanyia shoo ya kuagana. Nililia kama aliyefiwa, lakini niliagwa. Hao wako walipotea kama mtu aliyekopa. Sasa wamerudi na wanataka uwaongeze deni.

Usiende. Uza tiketi zote mbili, ununue mutura.

Mama Wawili:

Asiuze! Nimeshaomba.

---

Binti wa Huruma:

Kaka, kuna kitu kinanikera kwenye maelezo yako. Umewataja mwimbaji, mpiga dramu, mpiga besi. Wa nne ni nani na alikuwa upande gani?

Mstari wa Mbele:

Ni mpiga gitaa. Jina lake ndilo la pili kwenye usajili. Dada, nilitumaini hakuna atakayeuliza, kwa sababu huyo ni binamu yangu. Ndiye aliyenifikisha chumba cha mabati mwanzoni.

Binti wa Huruma:

Aaa. Kumbe si bendi, ni ukoo.

---

Nyuzi Nne:

Nimesoma uzi wote nikingoja mtu aulize, naona inabidi niulize mimi. Umemuuliza mwenyewe?

Nina sababu. Mimi ni mpiga besi, na nilishatolewa kwenye bendi, ya hoteli. Mashabiki wawili waliapa hawatakanyaga pale tena kwa ajili yangu. Wakanipigia simu kunijulisha. Mmoja alikuwa na kilio cha kweli. Ikabidi nikae saa nzima nikimbembeleza, mimi niliyekosa kazi, nikimwambia atapoa. Miezi ikapita, kila nikikutana nao wananiangalia kama kaburi. Nilianza kuwakwepa. Nilitaka mtu mmoja tu aniulize kama bado nina gitaa, na kama nyuzi ni mpya.

Jamaa yako anajua wamerudi. Mpiga besi yeyote anajua nani anapiga besi wapi Jumamosi hii. Amekaa kimya akikungoja wewe. Nenda na hizo faili. Usiende na uso wa matanga.

Mzee wa Santuri:

Nimemaliza kufikiria. Fuata la huyu.

---

Mstari wa Mbele:

Wadau, nimerudi. Jana nilifunga duka saa kumi nikashuka kwake.

Nilimkuta na simu imefumuliwa, skrubu zimepangwa kwenye kipande cha sumaku kwa mpangilio wa kule zilikotoka, ndogo sana, huwezi kuziona bila kuinama. Nikasema nina kitu nataka asikie. Akasema nisubiri, mwenye simu anakuja saa kumi na moja. Nikakaa kwenye kibao nikitazama mikono yake. Mtu anayefanya kazi hiyo hatetemeki.

Alipomaliza nikampa visikizi, nikampigia ile ya stima. Nilitegemea atabasamu. Akanitazama kwanza kwa hasira kabisa: "Umekuwa unarekodi miaka yote hii bila kuniambia?" Sikuwa na jibu. Kweli, sikuwahi kumwambia yeyote, niliona kila mtu anakiona kile kinasa mkononi. Hawakuwa wanakiona. Walikuwa wanapiga muziki.

Akasikiliza hadi mwisho. Vidole vya kulia vilikuwa vinatembea juu ya kioo cha meza, viwili viwili. Akavua visikizi akasema, "Nilikuwa naharakisha." Basi. Dakika nne ambazo nimezitunza kama yai, yeye amesikia kwamba alikuwa anaharakisha.

Ile ya Agosti 2015 aliirudia mara tatu. Pale kwenye "Kwenye matatu" akacheka, eti ilikuwa ya Kayole, na dereva ndiye aliyekuwa anapiga honi kwa mdundo ule. Akaniomba nakala kwenye flashi, akaitia kwenye droo ya skrubu. Akasema ataongea nao mwenyewe, niache kupokea simu ya mwimbaji mpaka aniambie, na binamu yangu nimwachie yeye. Kuhusu albamu hakusema ndiyo wala hapana. Sikumsukuma.

Nikajikaza nikamwambia nina tiketi, sijui kama niende. Akauliza ngapi. Mbili. Ya pili ya nani? Nikasema sijui. Akaniangalia kama mtu aliyeleta simu ya kuzama majini na kudai haikuguswa na maji.

"Huyo kijana wanayempigisha besi nimemfunza mimi, kanisani, miaka miwili. Nani atamwangalia mkono wa kushoto?"

Anasema atasimama nyuma, karibu na meza ya mitambo, na nisimtambulishe kwa mtu. Nyuzi Nne, nilimuuliza pia ulilosema. Gitaa bado analo. Nyuzi si mpya.

Mama Wawili, naomba msamaha.

---

Mama Wawili:

Mimi nilishapeleka kitambaa kwa fundi.