Naomba ushauri: protini siku za kabla ya hedhi

Dada zangu, naombeni ushauri. Nakimbia msitu wa Karura, Nairobi, mara 3 kwa wiki. Siku kama 10 kabla ya hedhi miguu inakuwa mizito na njaa hainiachi. Juzi nilimaliza githeri ya kesho nikiwa nimesimama jikoni, mwiko mkononi. Nimesoma kwamba yai likishatoka, homoni ya projesteroni hupanda na mwili huvunja protini zaidi, hivyo mahitaji ya asidi amino (vijenzi vya protini) kama laisini huongezeka. Ugali, chakula changu cha kila siku, una laisini kidogo. Je, kuna aliyeongeza ndengu, omena au mayai siku hizo akaona tofauti? Kiasi gani? Poda za jimu sizitaki, bei zake zinatisha.