Naomba ushauri: nifundisheje habari za Carnegie?

Habari zenu wakuu. Ni mwalimu wa historia, kidato cha tano. Wiki ijayo nina kipindi cha viwanda vya Marekani, nimekwama kwenye mgogoro wa Homestead, Pennsylvania, mwaka 1892.

Kiwanda cha chuma kilikuwa cha Andrew Carnegie. Yeye akaenda zake Scotland, akamwachia msimamizi wake, Henry Clay Frick, ashughulike na chama cha wafanyakazi. Frick alitaka kupunguza ujira. Chama kilipokataa, akazungushia kiwanda uzio na kuwafungia watu nje. Usiku wa kuamkia Julai 6 akaleta walinzi wa kukodi wa kampuni ya Pinkerton wapatao 300, kwa matishari mawili kupitia mto Monongahela. Risasi zikalia mchana kutwa, watu wakafa pande zote mbili. Kisha gavana akaleta wanamgambo wa jimbo, vibarua wapya wakaingia, chama kikavunjika nguvu.

Carnegie huyohuyo alitoa fedha zilizojenga maktaba zaidi ya 2,500! Kila nikiandika notsi za somo anatoka shetani au mtakatifu. Inaniuma, maana wafanyakazi wale walitaka tu kuwa na kauli juu ya ujira wao.

Nianze na maktaba au na mto? Nimewaza kuwagawa wanafunzi wawe wafanyakazi, wenye kiwanda na gavana, wabishane. Aliyewahi kufanya hivyo, darasa lilikwendaje? Halafu neno "mgomo" silipendi hapa, kwani mwajiri ndiye aliyefunga mlango. Ninyi mnatumia neno gani?