.308 ya kujijengea, bolti inafunga kwenye geji ya No-Go: akaze upya, abadilishe kichwa cha bolti, au ampelekee fundi?

Kijana_wa_Umoja
Wazee, salamu. Naombeni akili zenu kwa jambo lisilo langu. Shemeji yangu, mume wa dada, anaishi Idaho. Kule sheria inamruhusu mtu kununua kifaa kimoja kimoja na kujiunganishia bunduki yake, na huyu bwana amefanya hivyo: risiva ya Savage iliyotumika (kile kiunzi cha chuma kinachoshika mtutu na bolti), mtutu mpya wa .308 Winchester unaofungwa kwa nati, na kichwa cha bolti alichonunua kando.

Amenitumia picha za maganda. Juu kidogo ya kitako kuna mstari unaong'aa umelizunguka ganda kama pete. Ganda moja limeanza kupasuka pale pale. Akaazima geji, vile vipande vya chuma vya kupimia urefu wa chemba (bolti inatakiwa ifunge kwenye Go, ikatae kwenye No-Go, na Field ndiyo mpaka wa mwisho): bolti inafunga kwenye Go, inafunga kwenye No-Go, inakataa kwenye Field. Sasa anapima njia nne. Alegeze nati apange mtutu upya. Atafute kichwa kingine cha bolti. Aachane na nati kabisa, fundi amkerezee mtutu wenye bega. Au aiache ilivyo, awe anajaza risasi zake mwenyewe kwa kipimo cha chemba hiyo hiyo, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu.

Yeye anaitaka ya nne kwa sababu haimtoi senti. Mimi sina bunduki wala leseni, nimebebeshwa swali kwa sababu dada hana amani.

Armara_Mstaafu
Kijana, kwanza mwambie aiweke chini. Asipige hata moja mpaka hili liishe.

Kwa wasiojua tunazungumzia nini: hedispesi ni nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na pale risasi inapokomea ndani ya chemba. Kwa .308 risasi inakomea kwenye bega la ganda. Kwa .303 za Lee-Enfield tulizozishika sana zamani, inakomea kwenye ukingo wa kitako. Kwa .375 H&H ya 1912, iliyobebwa na wawindaji wengi hapa Kenya kabla uwindaji haujapigwa marufuku 1977, inakomea kwenye mkanda ulio juu ya kitako. Kwa hiyo usichukue ushauri wa aina moja ukaupeleka kwa nyingine.

Geji ya Go ya .308 ni inchi 1.630. No-Go ni 1.634. Field ni 1.638. Kati ya Go na No-Go ni elfu nne za inchi, unene wa karatasi moja ya fotokopi. Bunduki kuukuu ya jeshi ikifunga kwenye No-Go na kukataa Field, armara, yaani fundi wa silaha wa jeshi, anaweza kuiacha ifanye kazi huku akiichunga. Iliyounganishwa juzi haina udhuru huo. Imezaliwa ikiwa mwisho wa njia.

Ule mstari unatokea hivi. Pini ikigonga fataki, ganda linasukumwa mbele. Presha ikipanda, kuta nyembamba za ganda zinashika chemba kwa nguvu, na kitako kinabaki na nafasi ya kurudi nyuma mpaka kiupige uso wa bolti. Shaba inanyooka pale kitako kinene kinapokutana na ukuta mwembamba. Siku itakayokatika, gesi ya moto inatafuta njia ya kurudi, na nyuma ya bolti kuna uso wa mtu. Dada yako ana haki ya kukosa usingizi.

Binti_Shabaha
Shikamoo Mzee. Naongeza swali ambalo lazima lijibiwe kabla ya kuchagua njia yoyote: hayo maganda ni ya risasi mpya za dukani, au alizojaza upya?

Mstari huo huo unaweza kutoka kwenye dai, kile kifaa cha kubana ganda lililopigwa lirudi umbo lake kabla ya kujazwa upya. Mtu akikaza dai yake mpaka chini bila kupima, anarudisha bega la ganda nyuma kupita kiasi, na kila akipiga shaba inanyooka tena. Chemba iko sawa, ila ganda limefupishwa. Nimewaona watu wakilaumu mtutu mzuri kwa kosa la meza ya kujazia. Geji inasema habari za chemba. Ganda linasema habari za chemba na dai kwa pamoja, na hapo ndipo wengi wanachanganyikiwa.

Akitaka kuhakikisha bila kukata ganda, achukue waya wa kubania karatasi, aunyooshe, ncha aikunje kidogo sana, aupitishe ndani ya ganda akikwaruza ukutani kutoka chini kwenda juu. Waya ukinasa kwenye mfereji hapo juu ya kitako, ganda hilo ni la kutupa.

Kijana_wa_Umoja
Nimemuuliza. Ni mpya za dukani, hazijawahi kujazwa. Mstari ulianza na boksi la kwanza.

Binti_Shabaha
Basi dai imesalimika. Tatizo ni chemba, kama geji ilivyosema.

Kerezo_Kariobangi
Mimi silaha sizijui, kazi yangu ni chuma, lakini nyuzi ni nyuzi. Nimeangalia: mtutu wa Savage wa nati una nyuzi 20 kwa inchi. Mzunguko mmoja mzima unasogeza mtutu elfu 50 za inchi. Ili urudishe elfu nne unazungusha digrii 29 hivi za duara, hata hatua ya saa moja kwenye uso wa saa haifiki vizuri. Sasa fikiria mtu anashika mtutu mkono mmoja na spana mkono wa pili. Nati ikikazwa inauvuta mtutu, ule ulegevu mdogo wa nyuzi unakwisha, na kipimo kinahama. Kama alipima kabla ya kukaza na hakurudia baada ya kukaza, nisingeshangaa.

Kwa mtutu wenye bega hakuna mchezo huo, bega linakaa kwenye risiva na basi. Lakini hapo kipimo kinatoka kwenye mashine ya kukereza, na fundi akikosea elfu mbili hakuna nati ya kumwokoa. Ndiyo maana bei yake ni ya fundi.

Armara_Mstaafu
Kerezo umesema kweli. Kijana, muulize lingine: alipokuwa anapanga, alitoa kivuta ganda na kitupa ganda kwenye kichwa cha bolti?

Kijana_wa_Umoja
Anasema hakutoa. Anauliza vinahusiana nini.

Armara_Mstaafu
Vinahusiana sana. Kitupa ganda cha bolti hiyo ni kijiti chenye springi kinachochomoza kwenye uso wa bolti. Ukiweka geji, springi inaisukuma mbele. Ukiuzungusha mtutu taratibu mpaka uguse geji, unaigusa mapema, huku nyuma ya geji kumebaki uwazi. Unakaza nati ukidhani umemaliza. Kipimo cha No-Go nacho kwa bolti yenye springi ni cha kubahatisha, mkono hausikii sawasawa.

Kwa hiyo njia ya kwanza, lakini ifanywe kama kazi. Bolti ivuliwe: pini, kivuta ganda, kitupa ganda, vyote nje. Chemba na nyuso za bolti zifutwe mafuta na uchafu. Pedi ile ya kuzuia msukumo ikae wima mahali pake kati ya nati na risiva. Go ndani, bolti ifungwe, mtutu uingizwe mpaka uiguse geji, nati ikazwe, halafu arudie kupima. Kwenye Go bolti ishuke kwa uzito wa mkono wake yenyewe. Kwenye No-Go ikatae, na asiilazimishe, maana bolti ina nguvu ya wenzo na itaiponda geji ya watu.

Mpenda_Pori
Wazee, mbona mnaikimbia njia ya nne? Watu wa kulenga shabaha Marekani wanafanya kila siku. Unapiga ganda mara moja kwa baruti ndogo linajaa chemba, baada ya hapo unasaizi shingo tu au unarudisha bega elfu mbili. Ganda linakaa kwenye chemba kama lilizaliwa humo. Bure.

Binti_Shabaha
Wanafanya kwa chemba iliyo ndani ya kipimo, kaka. Halafu .308 inauzwa kila duka la risasi kule. Siku atakapomwazima jirani, au akiiuza, au shemeji mwenyewe akiishiwa na risasi zake porini, boksi la dukani litaingia kwenye chemba ile ile. Kujaza vizuri ni kwa ajili ya usahihi na uhai wa maganda. Si plasta ya kufunika chemba ndefu.

Mpenda_Pori
Hapo kwa jirani umenishika.

Kerezo_Kariobangi
Na kichwa cha bolti? Hakuna aliyekigusa.

Armara_Mstaafu
Kwenye Lee-Enfield No. 4 hiyo ndiyo ilikuwa dawa yenyewe, vichwa vilipigwa namba 0 hadi 3 kwa urefu, unabadilisha mpaka geji ikubali. Kwenye Savage, nati inafanya kazi hiyo, kwa hiyo hana haja ya kununua kingine. Ila kwa kuwa alikipata kando, akichunguze: uso usiwe umelika na moto, na masikio yote mawili, yale yanayoifungia bolti, yawe yanagusa risiva. Njia rahisi ni wino wa maka kwenye masikio, afunge na kufungua bolti, aone wapi wino umefutika. Kama sikio moja tu ndilo limefutika, hilo ni la fundi wa silaha, nati haiwezi kulitibu.

Na asitumie geji za kijeshi za 7.62 NATO akidhani ni kitu kimoja. Zina ruhusa ndefu zaidi.

Msimamizi
Nakumbusha wasomaji wa Nairobi: hapa kwetu Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kujiunganishia bunduki sebuleni. Silaha ni kwa cheti, na matengenezo ni kwa muuzaji aliyesajiliwa. Uzi huu unabaki wazi kwa kuwa kazi iko Idaho.

Kijana_wa_Umoja
Amevua bolti. Anasema masikio yote mawili yamefutika wino. Amelegeza nati, amepanga upya, amekaza, akarudia geji: Go inashuka yenyewe, No-Go inakataa katikati ya njia. Anauliza kama yale maganda ya zamani anaweza kuyajaza.

Binti_Shabaha
Hapana. Yaende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, hata yale ambayo mstari hauonekani kwa nje. Aanze na boksi jipya, apige chache, apitishe waya ndani ya kila ganda.

Armara_Mstaafu
Na ile ya kwanza kabisa aifunge bunduki kwenye benchi, avute kwa kamba akiwa mbali. Msalimie dada.